Fungu Lililobaki Chalinze

Nakusanya matoleo ya kwanza ya riwaya za kubuni za kisayansi, na ninaishi Bagamoyo. Mambo haya mawili hayasaidiani. Hewa ya chumvi inakula gundi, mchwa wanakula karatasi, na wageni wanakula muda wangu wakiniuliza kwa nini nisinunue kitabu kipya. Huwa nawaeleza kwamba toleo la kwanza ni kitabu kama kilivyotoka kwa mchapaji mara ya kwanza kabisa, kabla hakijasahihishwa, hakijapunguzwa wala kubadilishwa jalada. Wananisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha wanasema, "Kwa hiyo unataka kile chenye makosa." Ndiyo, nataka kile chenye makosa.

Kazi inayonilisha ni uandishi wa habari. Naandika kuhusu bei ya mananasi, visima, ajali za barabarani na vikao vya halmashauri katika upande huu wa pwani. Ni kazi nzuri kwa mkusanyaji kwa sababu inaniingiza majumbani mwa watu, na nikiwa ndani macho yangu hayatulii. Vitabu vya zamani hukaa juu ya kabati, chini ya kitanda, au ndani ya boksi la televisheni iliyokwisha kufa. Vya Kiingereza nilivyo navyo, vya safari za angani na mashine zinazofikiri, viliachwa na walimu wa kigeni na wapangaji wa nyumba za wageni. Kimoja nilikitoa chini ya mguu wa friji. Kingine nilikikuta kwa muuza karanga, akiwa ameshafungia wateja sura tatu za mwanzo. Vyote naviweka kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko, na karafuu ndani yake kuzuia wadudu. Nyumba yangu inanuka kama pilau bila kuwa na pilau.

Lakini kitabu nilichokitaka kuliko vyote kilikuwa cha Kiswahili. Ni riwaya ya nahodha anayeondoka pwani yetu kwa chombo cha angani kwenda kuishi kwenye sayari nyingine. Watu wa rika langu waliisoma shuleni, na wote tulisoma toleo la pili, lililopunguzwa ili liwe jepesi kwa wanafunzi. Katika toleo hilo nahodha anaondoka duniani, unafungua ukurasa, na ameshafika. Safari yenyewe haimo. Kila mkusanyaji anajua kwamba toleo la kwanza lilikuwa na safari nzima, kurasa nyingi za katikati, na sikuwahi kukutana na mtu aliyezisoma. Nilikitafuta kitabu hicho muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye ndoa.

Siku moja nilikuwa Kiwangwa, nikimhoji mkulima wa mananasi kuhusu barabara inayokatika kila masika. Nilipomaliza maswali ya gazeti nikauliza la kwangu, kama kawaida: anamjua mtu mwenye vitabu vya zamani? Akafikiri. Akasema Dunda, mjini kwetu, kulikuwa na mzee aliyekuwa akijalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada, na mzee huyo aliwahi kuwa na kitabu cha watu waliopaa angani kwa chombo kama birika.

Nikaacha kuandika. Jalada la toleo la kwanza nilikuwa nimelisikia tu kwa wakusanyaji wenzangu wa Dar es Salaam, nao walikuwa wakisema chombo kilichochorwa pale kinafanana na birika.

"Huyo mzee yupo?"

"Alishafariki, Mungu amrehemu. Mkewe yupo, nyumba ile ile. Wewe si unakaa Bagamoyo?"

"Nakaa Bagamoyo."

"Sasa mbona unakuja kuniuliza mimi wa Kiwangwa?"

Kesho yake baada ya adhuhuri nilipiga hodi kwa mjane. Alikuwa mama mnene, mtulivu, anayekaa kwenye mkeka karibu na mlango ili awaone wapitao bila wao kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Na wa kazini?"

Nikasema wote hawajambo, pamoja na wa kazini, ambao sikuwa na hakika nao. Ikaletwa chai ya tangawizi. Huwezi kutaja haja yako kabla kikombe hakijaisha, kwa hiyo nilikunywa haraka nikaungua ulimi. Kisha nikauliza.

"Kipo," akasema. "Ila hapa kwangu kipo kidogo."

Akashusha kutoka juu ya kabati furushi la kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na vijitabu viwili, vyembamba kama madaftari ya shule, vimetiwa majalada ya katoni ya sabuni. Kimoja kilikuwa kimebandikwa jalada la asili kwa mbele: birika, moto chini yake, nyota pembeni. Nikafungua. Jina la mchapaji lilikuwepo, na chini yake maneno niliyokuwa nikiyatafuta, chapa ya kwanza. Kijitabu cha pili kilikuwa na kurasa za mwisho kabisa, na nyuma yake sehemu iliyobaki ya jalada. Nikaomba maji.

"Vipi, tangawizi imezidi?"

"Hapana, mama. Katikati yake iko wapi?"

"Iko kwa watu."

Akanieleza bila haraka, nami nitaeleza kama alivyonieleza. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akijalidi juzuu za msikiti wao. Kurani hugawanywa juzuu thelathini, kila moja kijitabu chake, ili watu wakikusanyika kwa hitima kila mmoja achukue juzuu yake, wote wasome kwa wakati mmoja, na msahafu mzima uwe umesomwa kabla chakula hakijapoa. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua marehemu. Basi alipopata ile riwaya, majirani wakasikia, wakaanza kuiazima. Aliyeichukua haleti. Anayesubiri ananuna. Wawili wakaacha kusalimiana. Marehemu akaona fitina inaingia mtaani kwa ajili ya kitabu kimoja, akaketi na kisu na sindano yake akakifumua. Kitabu hushonwa kutokana na mafungu ya karatasi zilizokunjwa. Yeye alitenganisha mafungu tu, hakukata hata ukurasa mmoja. Kila fungu akalitia jalada lake.

"Tuliyaita mafungu," mjane akasema. "Hatukuyaita juzuu. Juzuu ni za Kurani."

"Kisha?"

"Kisha akaalika watu. Wanaume barazani, wanawake humu ndani. Kila mtu na fungu lake. Tukaanza pamoja, tukasoma, alasiri haijaingia kitabu kikawa kimekwisha. Tukala."

"Halafu mkabadilishana mafungu?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama huwa anaoga mara mbili kwa maji yale yale.

"Tubadilishane ya nini? Kilishasomwa chote. Hakuna ukurasa uliobaki haujasomwa."

Kwa mtu wa kazi yangu hili lilikuwa jibu kamili. Nikauliza kama naweza kuyakusanya mafungu na kukiunganisha tena. Akasema mumewe hakukitengeneza kikae kabatini, lakini mimi nimekuja kwa adabu, na yeye hana neno. Akanitajia walioyachukua. Wengi walikuwa hapo hapo Dunda, karibu kiasi kwamba dereva wa bodaboda niliyemkodi alinishauri nishuke nitembee.

Nilipita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyenikatalia. Kila mtu alifungua sanduku, au akainua godoro, akatoa fungu lake likiwa limefungwa vizuri, akaniuliza tu kwa nini nalitaka ilhali kitabu kilishasomwa. Na kila mmoja alikikumbuka kitabu hicho vizuri sana kwa upande wake. Fundi cherehani mmoja aliniambia ni kitabu cha arusi.

"Arusi ya nani?" nikamuuliza.

"Sijui. Mimi niliwakuta wameshapendana."

"Na ndoa ikafungwa?"

"Fungu liliisha shekhe akiwa njiani. Lakini gauni la bibi arusi limeelezwa vizuri mno, dada yangu. Nimeshalishona mara mbili."

Mama anayekaanga samaki jirani yake alikuwa na maoni tofauti. Kwake kitabu kilikuwa cha milango. "Jamaa anafungua mlango, anakuta mlango. Anafungua huo, anakuta mwingine. Nilichoka, mwanangu, nakwambia ukweli. Lakini fungu ni fungu, nikalimaliza." Akalifuta mafuta kwa upindo wa khanga akanipa.

Jioni niliyapanga mafungu mezani kwangu. Kwa kuwa mikunjo ya karatasi haijui sentensi inaishia wapi, kila fungu lilianza katikati ya neno la mtu na kuishia katikati ya neno la mtu mwingine, kwa hiyo kuyapanga kulikuwa kazi rahisi: unatafuta mdomo ulioachwa wazi na chakula kinachoutosha. Yote yaliungana isipokuwa mahali pamoja. Kabla tu ya fungu la milango palikuwa na pengo. Ndipo safari inapoanza kuwa ngumu, hapo hapo palipofyekwa katika toleo la pili. Bila fungu hilo nilikuwa na kitabu kibovu. Nikiwa nalo, ningekuwa na nakala pekee kamili ninayoijua.

Nilirudi kwa mjane asubuhi.

"Hilo analo wifi yangu," akasema. "Mdogo wake marehemu. Anapika pale Chalinze, wanapolala malori. Nitampigia umwone."

Banda la wifi lilikuwa nyuma ya mstari wa malori, mabati juu, mbao pembeni, na kwenye mbao hizo alama ya X kwa rangi nyekundu. Mtu yeyote anayeishi kando ya barabara kuu anaijua alama hiyo. Maana yake ni kwamba uko ndani ya eneo la barabara na siku moja utaondolewa. Ni siku gani, haiandikwi. Niliitazama X ile kama mwandishi, kisha nikaitazama kama mkusanyaji, na mara ya pili nikaharakisha kuingia.

Mwenyewe alikuwa mrefu, mwepesi, khanga kiunoni, mwiko mkononi. Madereva walimwita shangazi, nami nikafuata.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa fungu. Kaa hapo. Umekula?"

Nilikula wali na maharage. Alipopata nafasi akapanda kwenye kreti ya soda, akafunua ndoo ya mchele iliyokuwa juu ya rafu, akatoa fungu likiwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Jalada la katoni lilikuwa na alama ya kidole gumba cha mafuta. Ndani lilikuwa safi. Nikanyoosha mkono. Hakunipa.

"Nilisoma hili mwanangu wa mwisho hajaanza shule," akasema. "Leo ana watoto. Nalijua kwa moyo. Nahodha anaamka, wenzake wote wamelala, hawaamshiki. Anatembea ndani ya chombo peke yake. Anafika mwisho. 'Akashika kitasa, kikawa cha baridi, akavuta mlango, na mbele yake akaona'." Akalifunga fungu. "Limeishia hapo. Akaona nini?"

"Eeh, leo shangazi amepata wa kumjibu!" akasema dereva mmoja, akisogeza sahani yake.

Ilionekana swali hilo lilikuwa na historia pale. Madereva walilibeba wakienda bara na kurudi nalo wakiwa na majibu.

"Mimi bado nasema askari," akasema mwingine.

"Askari gani angani?"

"Wewe umewahi kusafiri wapi usikute askari? Na mizani. Chombo kizito kile, lazima wakipime."

"Nyamazeni," shangazi akasema. "Mimi nasema ni mkewe. Aliagwa pwani, akajifanya analia, kumbe kaingia kwa nyuma. Haya, dada, sema wewe uliyesoma."

Nimewahi kupeleka habari mbaya majumbani mwa watu. Ni sehemu ya kazi. Unazitoa kwa ufupi na unabaki umeketi.

"Mlango," nikasema.

"Mlango ameshaufungua. Ameona nini?"

"Mlango mwingine."

Shangazi alinitazama, akautazama mwiko.

"Nani kakwambia?"

"Fungu linalofuata ninalo nyumbani." Nikatoa simu, kwa sababu kila ukurasa nilikuwa nimeupiga picha, nikamwonesha. Akasoma mstari wa kwanza pale kwenye kioo, akanirudishia.

"Simu hiyo. Kwenye simu nimeoneshwa mpaka jini, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Kalilete lenyewe."

"Mimi sisafiri na kitabu cha aina hii, shangazi. Kikipotea hakipatikani tena."

"Na mimi nisafiri nacho vipi? Mimi nipo hapa hapa."

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwonesha ile X. Nikamwambia taratibu kwamba banda linaweza kuvunjwa wakati wowote, kwamba kuna moto, kuna mvua, na kwamba fungu lingekuwa salama zaidi kwangu.

"Wewe unaogopea kitabu," akasema, akigeukia sufuria. "Mimi naogopea banda. Kila mtu na lake. Kalilete."

Wiki iliyofuata nilikwenda na fungu la milango, limelala kati ya mbao mbili nyembamba ndani ya begi ambalo sikulishusha mapajani. Alipoliona alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akaketi kwenye kreti akasoma. Alisoma kama nilivyoambiwa walivyosoma siku ile: macho chini, midomo ikienda, bila kusimama.

"Kweli," akasema baada ya muda mfupi. "Mlango." Akaendelea kusoma.

"Shangazi, wali unaungua!"

"Pakua mwenyewe. Ukoko chini, usikwangue sufuria."

Alipofika mwisho alibaki ameinamia karatasi. Nilijua lilivyoishia: nahodha yuko mbele ya mlango wa mwisho, anasikia sauti inamwita kwa jina ambalo. Basi.

"Kwa jina ambalo nini?"

"Iko kwenye fungu la mbele."

"Lete la mbele."

"Na lako?"

"Langu nitakupa. Lakini sasa umenitoa mlango mmoja ukanisimamisha kwenye mwingine, na bado unataka niachie. Haiwezekani. Nikifika mwisho wa safari, chukua."

Ndivyo nilivyoanza kusafiri na matoleo ya kwanza. Nilipanga kazi zangu ziangukie Chalinze. Mhariri aliona kwamba nimekuwa na hamu kubwa na habari za malori, akanisifu. Kila safari nilipeleka fungu moja na kurudi na lile la nyuma yake. Mawili kwa pamoja sikuthubutu. Shangazi alisoma, akawapa madereva muhtasari, wakabishana, wakaondoka na mabishano yao kuelekea Tunduma. Wa askari hakukubali kushindwa. Alisema askari watatokea tu, mwandishi anawachelewesha. Katika fungu moja chombo kilisimamishwa na walinzi wa sayari wakitaka kujua kimebeba nini, na jamaa akatununulia wote soda.

Kila nilipofika nilitazama kwanza ile X kutoka mbali, nikiwa bado ndani ya basi. Siku moja sikuiona. Pale penye banda palikuwa na vipande vya bati na mbao zimelazwa chini, na watu wawili wakipakia kwenye mkokoteni. Nilishuka, nikavuka barabara vibaya nikapigiwa honi na lori. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya uwanja ule mtupu, ndoo ya mchele kichwani.

"Tumepewa siku mbili tusogee wenyewe," akasema. "Tunasogea. Usiniulize kuhusu fungu kabla hujanisalimia."

"Shikamoo, shangazi. Pole sana."

"Marahaba. Limo humu. Shika meza hiyo upande wa kule."

Nikashika meza. Tulibeba mbao na mabati mpaka nyuma ya karakana ya matairi, mimi na waliokuja kula wakakuta hakuna chakula. Gazetini niliandika habari hiyo kwa aya nne, na ikatoka aya mbili.

Banda jipya lilikuwa dogo na la joto, lakini katika banda hilo ndipo alipofikia mwisho. Fungu la mwisho, lenye lile jalada la nyuma, alilisoma mchana mmoja madereva wakiwa wachache. Alipomaliza alilifunga, akaliweka mezani, akapiga mezani kiganja kimoja.

"Sawa," akasema. "Amefika, na hawezi kurudi, na hajutii. Sawa."

Nikangoja. Nilikuwa nimekuja na kitambaa safi cha kulifungia fungu lake.

"Sasa," akasema, "alitokea wapi?"

"Nani?"

"Nahodha. Mimi nilimkuta ameamka. Sijui alilala saa ngapi, sijui nani alimpa chombo. Na ile arusi ya nyuma, inayotajwa humu, ilifungwa au haikufungwa? Lete za mwanzo."

Sina budi kukiri kwamba nilichoka. Safari iliyofuata nilifanya jambo ambalo hakuna mkusanyaji angelifanya akiwa na akili zake. Niliyafunga mafungu yote ya mwanzo pamoja, lenye picha ya birika likiwa juu, nikampelekea kwa mkupuo mmoja nikamwachia. Nilimwambia ayatunze. Alisema yeye ametunza watoto watano na banda mara mbili.

Nilikaa juma zima bila amani. Nilipiga simu mara moja. Akasema kuna wateja. Nilipokwenda, nilimkuta amenichagulia sehemu ya kukaa na kuifuta.

"Nimemaliza," akasema. "Arusi haikufungwa. Shekhe alifika, lakini bwana arusi alikuwa ameshapanda chombo. Ndiye nahodha mwenyewe! Na mimi miaka yote namwekea mke. Hana mke huyo." Alionekana kumsamehe. "Sasa nimeona unahangaika na vipande, huku na huku, begi mapajani kama una mayai. Nimekushonea."

Akatoa mfukoni kitu kinene.

Alikuwa ameyapeleka mafungu yote ya mwanzo, na lake likiwa la mwisho, kwa fundi viatu wa pale jirani. Majalada ya katoni yalikuwa yametolewa. Mafungu yalikuwa yamepangwa sawasawa, kwa mfuatano sahihi, hilo niliangalia kwanza. Na yalikuwa yameshonwa kwa pembeni, juu mpaka chini, kwa uzi wa nailoni mweusi wa unene wa tambi, tundu kwa tundu kupita karatasi zote.

Nilikwenda kwa fundi viatu kama ninavyokwenda eneo la ajali: nauliza maswali ili nisiseme mengine. Nikamwuliza ni uzi gani.

"Wa buti. Huu haufumuki, dada. Labda ukate kitabu chenyewe."

"Na sindano?"

"Sindano haikupita. Nilitoboa kwanza na msumari." Alinionesha msumari. "Nilitaka kupunguza pembeni na kisu iwe sawasawa, shangazi akanikatalia. Akasema mwenyewe ana wivu nacho."

Nikarudi bandani. Katika lugha ya wakusanyaji hali ya kitabu hutajwa kwa maneno machache: safi, nzuri, ya wastani. Hakuna neno la nusu iliyoshonwa kama buti na nusu iliyo kwenye katoni za sabuni. Wenzangu wa Dar es Salaam, nilipowatumia picha, mmoja alinijibu kwa pole, mwingine hakujibu. Lakini kurasa zote zilikuwepo. Nilizikagua pale pale mezani, moja baada ya moja, na lile fungu lenye kitasa cha baridi lilikuwa mahali pake, likiishia kwenye neno akaona. Mbele yake palikuwa tayari kupokea fungu la milango.

"Asante, shangazi," nikasema, na sikuwa nafanya adabu tu.

"Haya. Hebu niambie, wewe ulilia wapi? Mimi nililia pale anapowafunika wenzake waliolala, mmoja mmoja."

Sikukumbuka mahali hapo. Nilikuwa nimehesabu kurasa, nimelinganisha herufi, nimetafuta makosa ya chapa, nimepiga picha. Nikamwambia niliisoma shuleni, toleo la pili.

"Hilo lililokatwa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hujasoma."

"Bado."

Aligeuka akaendelea kupakua. "Basi lako la Msata halijafika," akasema. "Kaa pale penye upepo."

Nilikaa kwenye benchi la nje, mkabala na malori. Fundi alikuwa ameukaza uzi kweli kweli. Kitabu hakikufunguka zaidi ya nusu, na maneno ya karibu na mshono ilibidi niyachungulie kwa kukiinamisha upande. Nikaanza ukurasa wa kwanza hivyo hivyo, kichwa kimeegemea bega. Basi la Msata lilikuja, likapiga honi, likaondoka. Shangazi aliniletea chai akaniuliza nimefika wapi.

"Bado yuko pwani," nikasema. "Anapimwa nguo za arusi."

"Aa," akasema. "Basi una kazi."